Shamba la Shangazi Poni Lilivyosafishwa

Mwanangu, simu yako iweke mfukoni kwanza, unisikilize. Siku ambayo shangazi yangu Poni alirudi kutoka msibani akakuta shamba lake limesafishwa haijawahi kunitoka kichwani. Kila nikiona moshi kabla ya mvua, moyo wangu hurudi pale pale.

Ilikuwa miaka ile baada ya amani kutiwa saini, kabla hatujawa nchi. Nilikuwa msichana tu, nimerudi Juba kutoka Kitale nilikolelewa, nikapata kazi ya kufua nguo kwa shirika moja katika mtaa wa Thongpiny. Mji ulikuwa ukijaa watu, na karibu kila tulichokula kililetwa na malori kutoka Uganda, hata nyanya. Shangazi Poni hakuwahi kuikimbia Juba wakati wote wa vita. Alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa Lemon Gaba, pembeni mwa mji, siku hizo bado vichaka. Mtama wake ulikuwa mfupi hivi kwamba kuku angeuchungulia kwa juu.

Shirika likaleta mafunzo ya kilimo hifadhi. Mwalimu alijua Kiswahili cha Kenya, akina mama wa kikundi cha shangazi walijua Kiarabu cha Juba, basi nikatolewa kwenye beseni la nguo nikatafsiri. Mambo yenyewe hayakuwa magumu. Usigeuze udongo wote, chimba mashimo ya kupandia tu. Panda kunde pamoja na mtama. Na zaidi ya yote, usichome mabua. Yalaze juu ya ardhi yaoze polepole, yazuie maji yasikimbie.

Akina mama wakacheka. Kwetu, mwanangu, shamba lenye mabua ni shamba la mvivu. Mtu mwenye bidii huchoma kabla ya mvua, ardhi ikabaki nyeusi na safi. Wakakubaliana kwamba Poni ajaribu, wao watazame kwanza. Likifaulu watafuata, likishindwa wataendelea kama mama zao.

Shangazi akajaribu, akavumilia kejeli. Misimu ikapita, na udongo ule uliokuwa mgumu kama barabara ukaanza kulainika. Ukiingiza kidole, kinazama. Mwaka mvua ilipokatika mapema, mtama wake ulibaki kijani wakati wa wengine umekunja majani. Wale waliocheka wakaanza kumuuliza maswali kwa sauti ya chini. Wakasema, tukiona hivi msimu mmoja tena, nasi tutaacha kuchoma.

Aliyepakana na shangazi ni Mzee Lado, mtu mpole aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. Siku moja alisimama mpakani akauliza mabua yale ni ya nini. Kiongozi wa kikundi akamjibu kwamba hayo ni mambo ya kikundi, na yeye hayumo, asubiri mafunzo mengine. Waliogopa kugawana naye mbegu na majembe waliyopewa na shirika. Mzee hakuuliza tena. Alichoona yeye ni mjane aliyeishiwa nguvu, ambaye shamba lake linazidi kuchafuka na hakuna wa kumsaidia.

Kisha shangazi akafiwa na dada yake huko Terekeka, nikamsindikiza. Tuliporudi, mvua ikiwa karibu, tulipitia shambani kabla ya kufika nyumbani. Lilikuwa jeusi lote. Mabua ya misimu yote ile yalikuwa majivu, na Mzee Lado alikuwa amekaa mpakani na panga lake, uso umejaa masizi na furaha.

“Mama Poni, pole ya msiba,” alisema. “Mimi nasafisha shamba yako yote. Wewe iko mjane, hakuna mtu ya kusaidia. Sasa mvua ikuje tu.”

Elewa, mwanangu, kumchomea mjane shamba lake ni heshima kubwa. Mzee yule alikuwa amefanya kazi ya vijana, peke yake, kwenye jua la kiangazi. Nilifungua mdomo. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu, akasema, “Shukran,” akamkaribisha nyumbani, akampikia asida. Mzee alikula ile sima akashiba. Alipoondoka nikamuuliza shangazi kwa nini hakumwambia ukweli. Akaniambia mzee amefanya kwa upendo, tukimwambia tutamvunja moyo, ninyamaze. Alikuwa mkubwa wangu, nikanyamaza.

Wenzake wa kikundi waliona ule weusi wakasema, hata Poni amerudi kuchoma. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mafunzo yakaishia hapo, na shirika likafunga mradi likaenda. Kiangazi kilichofuata Mzee Lado akachoma tena, maana alikuwa ameshukuriwa vizuri mno. Shangazi hakumzuia, alikwisha kushukuru.

Mtama ukarudia ufupi wake. Jumapili moja mzee alikuja nyumbani akauliza mbona shamba la shangazi sasa limekuwa kama lake, na zamani lilikuwa kijani. Nilimtazama shangazi, akainamisha kichwa. Basi nikamwambia yote.

“Nyinyi najua, na nyinyi nanyamazia mimi,” alisema. “Mimi nachoma chakula ya mjane, halafu nyinyi napea mimi asida. Hiyo si heshima, binti. Hiyo ni kufungia mimi mlango.”

Akachukua fimbo yake akaenda. Tangu siku hiyo, akituona shambani alizunguka njia nyingine. Shangazi alikufa akila unga wa malori, na mahali pale palipimwa viwanja, sasa pana nyumba za mabati. Ikinyesha mvua, maji yote yanakimbia. Nikikuambia kwamba kuna kitu kilichobaki nitakuwa nakudanganya.

Nina maneno tu, mwanangu, na sijui kama yatakufaa. Ukijifunza jambo la kulisha watu, mwambie kwanza mnayepakana naye, kabla hujamwonyesha mgeni wa shirika. Usimwambie asubiri zamu yake, maana moto hausubiri. Na mtu akikuharibia kwa wema, mshukuru kwa moyo wake, kisha mwambie ukweli siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza kula. Atavunjika kidogo. Ukinyamaza atakuja kuvunjika vibaya zaidi, na wewe pamoja naye.

Mungu akupe ardhi ambayo hakuna atakayekupimia kiwanja juu yake. Akupe jirani anayeuliza, na ulimi wa kumjibu angali amesimama mpakani.