Kikombe Kipya Mtoni

Mama yangu hapandi gari. Likianza tu kuondoka, tumbo linamgeuka. Akitaka kumtembelea dada yake aliyeolewa kijiji cha Sola, anatoka kwake Zagayu alfajiri kwa miguu. Safari ya mwisho alishikwa na kizunguzungu, akakaa chini peke yake mpaka wachungaji wakamkuta. Kwa hiyo kiangazi hiki nilichukua likizo, nikatoka Bariadi nikaenda naye. Mume wangu naye alikuja, na kuja kwake kukanipa kazi.

Kwetu Wasukuma, mama na mkwewe wa kiume hawakaribiani. Hawali pamoja, hawatumii chombo kimoja, hawatazamani usoni. Mume wangu alitangulia mbele kabisa, mama akafuata nyuma amejifunika kanga, na mimi katikati nikipeleka maneno.

“Mwambie baba watoto wako apunguze mwendo. Hatukuiba ng'ombe wa mtu.”

“Mwambie mama,” mume wangu akajibu bila kugeuka, “nikipunguza atanikanyaga.”

Mama akacheka ndani ya kanga.

Maji tulikuwa tumeyapangia vituo. Pampu ya kijiji cha kwanza ilitoa maji. Ya pili haikuwa na mpini. Lambo tulilolitegemea mchana lilikuwa tope lililopasuka, limejaa kwato za ng'ombe. Kufikia hapo kibuyu cha mama kilikuwa kimekwisha. Sisi tulibakiwa na chupa moja, ila mume wangu alikuwa ameinywea. Nilimpa mama hata hivyo. Akaisukuma kwa kiganja.

“Nitakunywa mtoni.”

“Mama, mto ni mchanga mtupu sasa hivi.”

“Basi tutachimba.”

Midomo yake ilikuwa imepauka na hatua zimekuwa fupi. Nilimkasirikia. Nilimwona akilini ameketi tena chini ya jua, peke yake, safari hii kwa ajili ya mdomo wa chupa. Nikamkimbilia mume wangu nikamweleza. Alitoka mbio kuelekea mtoni.

Tulipofika ukingoni alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya mto, pale nyuki walipotua juu ya mchanga wenye unyevu. Mkono wake ulikuwa umezama shimoni mpaka begani. Maji yaliingia polepole, yana rangi ya chai ya maziwa. Aliyachota kwa viganja akayamwaga, akasubiri, akayamwaga tena. Mama alikaa kwenye kivuli cha mgunga akitazama upande mwingine. Asingeshuka mkwe akiwa pale.

Maji yalipotakata, mume wangu alipanda ukingo wa pili, akaketi ametugeuzia mgongo.

Nilishuka na kibuyu. Maji ya shimoni yalikuwa na kina kifupi, kibuyu hakikuzama. Nilikuwa nawaza kumnywesha mama kwa viganja vyangu nilipoona kikombe cha plastiki, cha bluu, juu ya jiwe kando ya shimo. Karatasi ya bei ya dukani ilikuwa bado imebandikwa chini yake.

“Mwambie mama hakijaguswa na mdomo wa mtu,” mume wangu alisema kule alikoketi. “Nimekibeba tangu Bariadi.”

Nilimpelekea mama kikombe kimejaa. Alikiinua juu akaitazama ile karatasi, kisha akanywa bila kupumzika. Nikamletea kingine. Midomo ilianza kurudia rangi yake.

“Mwambie baba watoto wako,” akasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo, “maji yake yana mchanga.”

Mabega ya mume wangu yalitikisika kwa kicheko.

Baada ya kujaza kibuyu tulilizungushia shimo matawi ya miiba, ng'ombe wasilivuruge. Desturi ni kumwachia anayefuata kitu cha kuchotea, nami nikanyoosha mkono kuchukua kikombe nikiache pale. Mama alikuwa ameshaokota kipande cha kibuyu kilichovunjika, akakitundika kwenye mwiba. Kikombe alikifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo mara mbili.

“Tangulia, mayu, mama yangu,” akaniambia. “Mwenzako anatuacha.”