Pacha wa Mama

Mwaka mzima nilikuwa nikifukua mafaili ya hospitali moja hapa Arusha, ili nijue kama oksijeni inawasaidia wagonjwa wa kifua. Ukihesabu juu juu, waliowekewa walikufa zaidi ya wasiowekewa. Lakini nani huwekewa? Si aliyezidiwa? Basi kila mgonjwa nilimpa alama: kwa umri wake, pumzi zake na maradhi yake mengine, uwezekano wa daktari kumwekea oksijeni ulikuwa mkubwa kiasi gani? Kisha kila aliyewekewa nikamtafutia pacha, mwenye alama kama yake ila yeye alikosa, pengine mtungi uliisha siku hiyo. Ukilinganisha pacha kwa pacha, oksijeni ilikuwa inaokoa.

Kazi ya kuchosha roho! Nusu ya mafaili yameandikwa "hali mbaya" basi. Mbaya kiasi gani, jamani?

Halafu mama yangu mzazi, mkulima wa kahawa na ndizi huko mlimani Meru, akaletwa hospitali ile ile akihema, na akausukuma mpira wa oksijeni.

"Kila aliyewekewa hiyo kitu amerudi nyumbani kwa jeneza," alisema. "Mimi siitaki."

Nikamweleza alama. Nikamweleza pacha.

"Umesoma mpaka umepotea," akasema.

Sikio la kufa halisikii dawa, nilitaka kumwambia, nikayameza maneno.

"Mama, samadi unaweka kwenye migomba ipi?"

"Iliyodhoofu. Iliyoshiba inataka nini?"

"Na mingine inakufa?"

"Inakufa."

"Basi samadi inaua migomba!"

"Usinifanye mjinga." Akakohoa sana. Kisha akauliza, "Huyo pacha, lazima awe mgonjwa kama mimi?"

"Kama wewe. Umri wako, kifua chako. Ila hakuwekewa."

Akautazama ule mpira. Nilijua sote tunamfikiria mtu mmoja: mama yangu mdogo, mdogo wake wa kumfuata, aliyelazwa kwa kifua hiki hiki mwaka uliopita. Naye aliukataa mtungi, na mama ndiye aliyemuunga mkono, wakapanda gari wakarudi nyumbani. Hakumaliza wiki.

"Faili lake unalo?" mama akauliza.

"Ninalo. Limeandikwa 'hali mbaya' tu."

"Ilikuwa mbaya kama yangu," akasema. "Niwekeeni."