Siku ya mawe Kerende: niliongoza mbio, bado nikamwonea wivu aliyeanguka

Wakuu, wa shikamoo pokeeni shikamoo zenu, wa rika langu mambo.

Mimi ni wa kusoma tu humu. Nimesoma nyuzi zenu tangu kidato cha kwanza kwa simu ya mama na sijawahi kuandika hata neno. Ana kwa ana ndiyo kabisa, siongei. Mwalimu akiniuliza swali namnong'oneza mpaka anasogea dawati langu.

Ila kuandika naweza. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha. Hata yale ya kunifedhehesha nimeyaacha humo humo.

Ni habari ya mbio za baiskeli za siku tatu. Na wivu.

Kwanza mjue nyumbani. Kwetu ni Kerende, huku Nyamongo. Wakati huo rashi ya dhahabu, yaani ule mkurupuko wa kuchimba, ilikuwa imewashika watu vibaya, mihogo ikawa inazeekea shambani. Baba alikuwa na shimo na wenzake.

Mtu wa kwetu akitembea haangalii mbele, anaangalia chini. Akiona jiwe lina mstari wa kutu au linameta, anaokota, analilamba ili rangi itokee, anatia mfukoni. Mtoto anafanya hivyo, bibi anafanya hivyo, mchungaji akitoka kanisani anafanya hivyo. Haoni hata aibu.

Baba mkubwa alifukiwa na shimo. Akaacha binti, nimwite Ghati, tuko darasa moja. Baba akamchukua akaja kwetu, na akaanza kumwita baba yangu tata, kama ninavyomwita mimi.

Sasa kwetu mtoto wa ndugu yako marehemu ni mtoto wako, tena huyo hupewa kwanza. Nyama inaanzia kwake. Sare inaanzia kwake. Usipofanya hivyo watu watasema unamtesa yatima, na neno hilo likishatoka halirudi.

Basi mimi Robi nikawa wa pili kwenye nyumba niliyozaliwa.

Najua mnachotaka kusema. Yatima naye anaonewa wivu? Ndiyo wakuu, nilimwonea, na sikuwa nafanya makusudi.

Baba alipopata mawe mazuri alivuka mpaka wa Kenya hadi Migori akamletea Ghati baiskeli ya gia. Nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja. Mimi nikaachiwa ile aliyokuwa anabebea viroba vya mawe kupeleka kwenye mashine ya kusaga. Fremu imechomelewa, keria ni nondo tupu. Baba akasema mimi nina miguu, haina neno.

Ghati hakuwa mbaya, na hilo ndilo lilinimaliza zaidi. Dukani alikuwa ananisemea. Akipewa kitu ananikatia. Lakini mdomo anao. Siku moja mbele ya watu akaniambia, "Robi, hiyo baiskeli yako ukiiegemeza ukutani, ukuta unaomba msaada."

Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Kicheko cha baba ninakikumbuka mpaka leo.

Yakaja matangazo ya mbio za wasichana. Siku ya kwanza lami, Sirari hadi Tarime mjini. Siku ya pili Tarime hadi Kerende. Siku ya tatu tunavushwa mto kwa gari, tunaanzia Busawe tunamalizia Issenye.

Atakayeshinda atachukuliwa na klabu ya Mwanza, apewe baiskeli na asomeshwe huko huko. Nafasi moja tu.

Niliitaka ile nafasi mpaka nikawa silali vizuri. Mwanza hakuna anayejua nani ni mtoto wa marehemu.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: mbio za siku nyingi hazishindwi kwa kuwa wa kwanza siku moja. Wanajumlisha muda wako wa siku zote, mwenye muda mdogo ndiye bingwa. Kwa hiyo wanaotaka ubingwa hawana haja ya kushinda kila siku, wanachoogopa ni ile siku moja ya kupoteza dakika nyingi.

Na siku hiyo mara nyingi ni ya mawe. Nimeangalia mbio za Ulaya kwenye simu. Wana barabara za zamani zilizotandikwa mawe yaliyochongwa, na siku ya kupita huko wale mabingwa wa kupanda milima wanabadilika sura. Tairi inapasuka, mwenzako anaanguka mbele yako, gari lenye gurudumu la akiba liko nyuma kwenye vumbi. Mtu ameongoza wiki nzima, anapotelea hapo. Kwenye mawe nguvu zako peke yake hazitoshi, unategemea pia akili ya aliye mbele yako.

Shikeni hapo.

Siku ya kwanza Ghati alishinda. Kwenye lami ile gia yake ilikuwa inaimba. Mimi nikawa wa pili, nimeachwa dakika na kitu. Jioni baba alimkanda miguu kwa maji ya moto, halafu akaniuliza mimi kama nimekula.

Siku ya pili, siku ya mawe.

Kabla ya kufika Kerende kulikuwa na kipande kirefu cha barabara kilichomwagwa mawe ya kifusi kutoka kwenye mashimo, greda halijapita. Sio mawe ya kuchongwa kama ya Ulaya. Yetu yalikuwa na ncha, na yanacheza ukiyakanyaga. Tulipokaribia nilishuka nikapunguza upepo kwenye tairi, maana nimebeba viroba huko, najua tairi ngumu inavyorukaruka. Waliobaki walinipita, nikawafikia tena.

Niseme ukweli, niliomba Ghati aanguke. Sio aumie. Aanguke tu kidogo, apoteze muda.

Akawa haanguki. Mawe yale nilidhani ni yangu, lakini alikuwa anapita kama mtu anacheza ngoma, kiuno juu, mikono imelegea. Nilimwangalia mgongo wake kwa wivu. Nikajisemea, hata mawe yanampa kwanza.

Mbele yake alikuwa Nyangi, msichana wa kijijini kwetu, yeye hakuwa na nafasi ya ubingwa. Ghati alimfuata kwa karibu kwa sababu Nyangi alikuwa anachagua njia vizuri sana.

Alichagua vizuri kwa sababu alikuwa anaangalia chini. Alikuwa anaangalia mawe, kama sisi sote tunavyoyaangalia.

Ghafla Nyangi akashika breki, akashuka, akaokota jiwe.

Wakuu, katikati ya mbio! Akalilamba.

Ghati hakuwa na pa kwenda. Akamgonga, akaruka juu ya usukani, akaangukia goti na bega. Rimu ya mbele ikapinda ikawa kama sahani iliyokanyagwa. Mimi nilikuwa nyuma kiasi, nikapata upenyo upande wa kushoto, nikapita.

Nikasikia kelele, nikageuza shingo kidogo. Watazamaji walikuwa wanakimbia kuingia barabarani, nikadhani wanamkimbilia Ghati. Wengi walimkimbilia Nyangi waone jiwe. Wengine wakaanza kuchokonoa pale pale lilipotoka, na waendesha baiskeli wa nyuma wakakwama wote. (Jiwe lenyewe halikuwa na kitu. Lilipimwa jioni.)

Nilifika Kerende wa kwanza, peke yangu. Nikavalishwa fulana ya anayeongoza mbio kwa jumla.

Nikamtafuta baba. Nilikuwa nimeshapanga nitasimamaje akinikuta na ile fulana.

Hakuwepo. Hata watu kumi hawakuwepo, wote walikuwa nyuma kwenye mawe. Nikakaa chini ya turubai na chupa ya maji.

Baadaye nikamwona baba anakuja kwa miguu kutoka kule, amembeba Ghati mgongoni kama mtoto mdogo, shati lake lina damu. Ghati alikuwa amelaza kichwa kwenye bega lake. Nyuma mtu anaburuza baiskeli, kwa kuwa sheria ilisema baiskeli ikivuka mstari na mwenyewe akavuka, hata kwa kusaidiwa, muda unahesabiwa.

Baba akapita karibu yangu akaenda moja kwa moja kwa nesi.

Nilikuwa naongoza mbio, na ningeivua ile fulana palepale nibebwe hivyo.

Siku ya tatu nitaisema kwa kifupi. Fundi aliigonga rimu ya Ghati mpaka ikazunguka kwa shida, akafungwa bandeji, akapanda. Kutoka Busawe hadi Issenye aliendesha kama mtu aliyekasirikia barabara. Akawa wa kwanza. Watu walilia kumwona. Lakini dakika alizopoteza kwenye mawe zilikuwa nyingi mno, hakuweza kuzirudisha. Kwa jumla mimi nikawa bingwa na yeye wa pili, maana wengine nao walikwama muda mrefu kwenye mawe.

Nikadhani imeisha.

Tuliporudi nyumbani shangazi, dada yao baba mkubwa na baba, akaitisha kikao cha familia. Akasema taratibu, bila ubaya wowote, kwamba mimi nina baba na mama na Ghati hana. Kwamba Mungu ameleta nafasi moja kwenye nyumba yenye yatima, na kila mtu anajua anayepewa kwanza. Klabu ielezwe, itaelewa. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nilikuwa na maneno tele. Yalijaa kifuani, mdomo haukufunguka. Nikamwangalia baba aseme. Baba akatazama sakafu. Nikajua atasema ndiyo.

Ghati ndiye aliyeongea. Alikuwa amenyoosha lile goti kwenye kiti.

"Shangazi, nimepewa kwanza tangu siku tuliyozika. Hata chakula nisichokitaka napewa kwanza. Hiki niacheni nikikose kama watu wengine."

Shangazi akafuta macho kwa khanga. Baba akasema, "Basi. Ataenda Robi," na kikao kikafungwa.

Na mnajua kilichofuata? Watu walimzunguka Ghati kumsifu moyo wake. Mimi mshindi nikaenda kuosha vikombe. Nilikuwa namwonea wivu hata ule moyo. Yale maneno yalitakiwa yawe yangu.

Siku ya kuondoka baba alinisindikiza stendi. Tulisimama bila kuongea, tabia yangu nimeitoa kwake. Begi likapakiwa. Ndipo akasema, macho yake yakiwa upande mwingine:

"Nilikuona ukipita kwenye mawe. Nilikuwa namkimbilia Ghati lakini nilikuona. Ulipita vizuri."

Nilitaka aseme tena. Nilitaka anieleze nilikaaje, nilishikaje usukani.

Akaangalia saa ya simu yake akasema ngoja awahi, Ghati anabadilishwa bandeji leo na hapendi kwenda peke yake. Akaondoka gari likiwa bado halijawashwa.

Niko Mwanza sasa. Nilichojifunza upande wa baiskeli ni kwamba ukitaka ubingwa, kwenye mawe kaa mbele kabisa, au mjue vizuri unayemfuata na anachokitafuta barabarani. Upande mwingine sijajifunza bado. Ghati ananitumia ujumbe karibu kila wiki na ninachelewa kujibu.

Kama humu kuna aliyelelewa kwa baba mdogo au mjomba, akawa anapewa kwanza mbele ya watoto wa nyumba, naomba aniandikie hapa chini. Niambie ulikuwa unatuonaje sisi tuliokuwa wa pili. Nyie wengine semeni tu mnavyoona, hata mkinichamba nitasoma yote.