Kipa wa Ntoto Aliyegeuza Uso

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kibendera cha kitambaa chekundu na nikaambiwa nisikiachie hata ng'ombe wakiingia uwanjani. Wakaingia. Pale Karuba uwanja wetu ulikuwa malisho siku sita za juma. Siku ya saba, baada ya misa, tulifukuza ng'ombe, tukaokota mavi yao na kuchora mistari kwa majivu. Nilikuwa mshika kibendera, au juge de touche kama tulivyozoea kusema, yule anayekimbia kando ya mstari akionyesha mpira umetoka wapi. Ng'ombe mmoja mkaidi alisimama mbele ya goli, mpira ukamgonga ubavuni, ukaingia wavuni. Sheria inasema goli hilo halipo, mpira unadondoshwa tu mchezo uendelee. Lakini waliofungwa hawakuuliza sheria. Waliuliza ng'ombe ni wa nani.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Katibu wa Cercle, yaani ofisi iliyosimamia mpira wa eneo letu. Alivaa koti hata jua likiwaka, na mfukoni alikuwa na filimbi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, kwa sababu alishuku hata filimbi. Jioni ile aliniita pembeni.

"Weye unaangaliaka mpira," aliniambia. "Achana na mpira. Mpira haina ndugu, haina shemeki, haina tumbo. Angalia batu."

Nililishika neno hilo, niangalie watu, kama katekisimu. Ndilo lililonilisha, na ndilo lililoniponza.

Kutoka Karuba nilipelekwa Masisi katikati kupuliza filimbi. Baadaye goti lilikataa, nikafanywa kamishna wa mechi. Vijana wa leo hawajui kazi hiyo, wanadhani kamishna ni mzee anayekaa mezani kunywa soda. Kamishna hapulizi chochote. Anakagua licence za wachezaji, yaani kadi zao za usajili, kabla ya mchezo, anatia sahihi feuille de match, ile karatasi yenye majina yote, kisha anaandika ripoti. Mwamuzi akikosea, mashabiki wanamtukana mpaka jua lizame na yanaisha. Ripoti ya kamishna inabaki kwenye kabati.

Walikale ndiko nilikokomaa katika kushuku. Pale Omate, kwenye machimbo, mchezaji aliweza kuwa Amani asubuhi na Josué mchana, kulingana na shimo aliloshuka. Ndugu wawili walitumia licence moja, yenye picha moja iliyofubaa. Niligundua kwamba uso hubadilika, mtu hukonda, huota ndevu, lakini sikio halibadiliki. Basi nikawa napita kwenye mstari wa wachezaji nikitazama masikio. Walinicheka, wakanipa jina la Papa Masikio. Niliwarudisha nyumbani wengi waliocheka.

Lazima niseme ukweli, nilikuwa naifurahia kazi hiyo. Mtu akinisalimia kwa heshima nilijiuliza anataka nini. Asiponisalimia nilijiuliza anaficha nini. Mke wangu alisema siku nikifika mbinguni nitamwomba Petro anionyeshe kitambulisho.

Sasa nije kwenye mechi ambayo mnaibishania mpaka leo, wengi wenu bila kuiona.

Ilikuwa Masisi, kati ya Tai wa Milima, timu ya nyumbani, na Nguvu ya Pori ya Walikale. Mshindi angepanda kwenye ligi ya wachezaji wa kulipwa. Kipa wa Nguvu ya Pori aliitwa Bahati, kijana mrefu wa Ntoto, mwenye mikono kama majembe. Watu wa timu kubwa ya Goma walikuwa wamekuja kumtazama yeye, na kila mtu alijua akidaka vizuri siku ile, kesho yake anapanda gari nao.

Asubuhi nilimwona mjumbe mmoja wa kamati ya Tai akimpa Bahati boule ya fromage, ile jibini ya mviringo ya kwetu Masisi, imefungwa kwenye kitambaa. Bahati aliipokea kwa mikono miwili na kuinama. Mjumbe wa adui, kipa, zawadi. Nikaandika kwenye daftari.

Mchezo ulikuwa bila bila mpaka karibu na mwisho, na Bahati alikuwa amedaka vitu ambavyo hata mimi nilisahau kushuku, nikapiga makofi. Ndipo Tai wakapata kona upande wa kushoto. Uwanja ule hauna uzio, watu hujaa mpaka kwenye bendera ya kona, hata mpigaji hana pa kurudi nyuma. Mshika kibendera akawasukuma, wakafungua njia nyembamba, mpigaji akakimbia, akapiga. Mpira ule ulipopaa, Bahati, akiwa peke yake, hakuna aliyemgusa, aligeuza uso. Aliugeuza kabisa, akatazama nguzo ya mbali. Mpira ukapita juu ya bega lake ukaingia.

Ni goli halali, kona inaweza kuingia moja kwa moja. Nguvu ya Pori wakabaki walipo, Tai wakapanda, na watu wa Goma wakaondoka bila kumuaga mtu.

Nilimwita Bahati mezani kwangu, mbele ya nahodha wake.

"Juu ya nini uligeuka?"

Akatazama viatu vyake.

"Jua ilikupiga?"

"Hapana, Papa."

"Mutu alikuita?"

"Hapana."

"Na ile fromage?"

"Ile ni mambo ya nyumbani, Papa."

Alikataa kusema zaidi. Kwangu mimi, mtu asiyejitetea alikuwa amekwisha kukiri. Nikaandika kwa kalamu ya bluu kwamba kipa aliacha mpira kwa makusudi na kwamba, kwa maoni ya kamishna, jambo lilipangwa. Bwana Katibu, ambaye sasa alikuwa mzee na koti lake limechakaa, alisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Njo kazi ile," alisema. Bahati akafungiwa maisha.

Kuanzia hapo mashabiki wakajipatia chakula cha miaka. Wa Walikale walisema ile boule ilitobolewa ikajazwa dhahabu. Wa Masisi wakajibu: nani huku kwetu iko na dhahabu ya kutia ndani ya fromage, si dhahabu iko kwenu Omate? Wengine walisema mimi ndiye niliyekula. Shemeji wawili walikataa kukaa kwenye matanga mamoja kwa sababu ya kona ile. Mimi nilinyamaza, maana nilijua nilichokiona kwa macho yangu.

Nikastaafu. Vita ilipofunga njia ya kurudi Karuba, nikaenda kuishi kwa binti yangu aliyeolewa Ntoto. Nilijua ni kijiji cha Bahati. Alinipokea vizuri, aliniletea mkungu wa ndizi. Nilizikagua zile ndizi moja moja kabla ya kula, Mungu anisamehe.

Siku moja tulikuwa tunatoka shambani, yeye mbele na mzigo wa mihogo kichwani. Ghafla alitupa mzigo, akajitosa kwenye majani, akainama mgongo kwa njia. Nikadhani ni nyoka. Alikuwa mama mmoja tu, Mama Sifa, anapita na mwavuli wake. Mama naye alishusha mwavuli akafunika uso. Alipopita, Bahati akatoka, akaokota mihogo, tukaendelea na njia.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu. Alicheka hata akakaa chini.

"Papa, haujuake? Ule njo mama-mukwe wake. Kwa kabila yao, mukwe na mama wa bibi yake habaonanake uso mpaka kifo. Hata kama nyumba inaungua."

Kwetu Karuba desturi hiyo, ya mtu kumkwepa mama wa mke wake, tumebaki nayo nusu, mkwe anasalimia kwa mbali, basi. Pale, wazee wa msituni bado wanaishika yote. Nikauliza, nikiwa nimeanza kuogopa jibu, kama Mama Sifa aliwahi kuishi Masisi. Aliishi, akiuza mahindi ya kuchemsha. Kaka yake ndiye alikuwa yule mjumbe wa kamati ya Tai.

Nilimfuata Mama Sifa nyumbani kwake. Hakuzunguka.

"Nilikuwa pale kwa kona," alisema. "Tulituma fromage asubuhi juu ya vile alikuwa ameshaleta mbuzi za mahari ya mutoto wetu. Nikasema, mi nitajificha nyuma ya batu, nione tu vile mukwe wangu anarukaka. Mwenye kibendera akasukuma batu, nikabaki mimi mbele. Akaniona."

"Na ukanyamaza miaka yote?"

"Ningesema nini, Papa? Mama alimwaribia mukwe wake?"

Bahati nilimkuta akichonga mpini. Alisikiliza, hakuacha kuchonga.

"Ulitaka niseme mama wa bibi yangu njo alitufunga goli?" aliniuliza. "Bangemufukuza Masisi na mawe."

Nikaomba msamaha. Nililia, sioni aibu kusema. Alisema imekwisha. Niliandika barua kwa Katibu mpya wa Cercle, nikajibiwa kwamba faili limefungwa na kamishna mstaafu hana mamlaka ya kufungua kabati. Bahati alikuwa amefika umri ambao hakuna timu ingemchukua, lakini jina lake bado lilikuwa likiitwa muuza mechi kila penye mpira. Jina hilo ndilo nilikuwa bado naweza kulisafisha.

Nikachagua Jumapili mchana, kwenye sale ya video ya Ntoto, nyumba ya mianzi na bâche, yaani turubai, ambapo watu hulipa kutazama mechi za Ulaya. Hapo ndipo penye baraza lote, na mkuu wa baraza ni Mwalimu Janvier, mshabiki wa Nguvu ya Pori tangu kuzaliwa. Nilikaa na Bahati kwenye benchi la pembeni. Wakati wa mapumziko nikasimama, nikasimulia yote. Ukelele ulipanda.

"Papa Kamishna, weye njo uliandika!" alisema Janvier. "Sasa unafuta? Banakupatia ngapi?"

"Mulete huyo mama!" mwingine akapaza sauti.

Nilikuwa nimelitegemea hilo. Mama Sifa alikuwa akingoja nje kwa ombi langu, tayari kushuhudia, bila kujua nani yumo ndani. Nikaita, "Mama, ingia!" Nikaita kwa sauti ya ushindi, nikiwa nimesahau kabisa nani alikuwa kando yangu. Mimi, mwenye kujua sasa, nilimweka Bahati tena uso kwa uso na mama mkwe wake.

Mama alifungua pazia. Bahati aliruka benchi, mtu mzima mwenye watoto watano, akapita chini ya bâche ya ukutani na kutokea nje, mguu wake ukanasa waya, televisheni ikazimika. Mama Sifa alikuwa amekwisha kujifunika kitenge kichwa kizima, amesimama mlangoni kama mzigo uliofungwa.

Watu walicheka kwanza. Halafu niliona wengi wao wakiitazama tena kona ile katika vichwa vyao. Mzee mmoja alisema taratibu, "Kumbe ni vile."

Lakini Mwalimu Janvier alikuwa akinitazama mimi.

"Mulipanga," alisema.

Nilitaka kumkasirikia. Nilifungua mdomo, na hasira ikakosa mahali pa kusimama, kwa sababu neno hilo ni langu. Niliwafundisha mimi, kwa kalamu ya bluu.

Nilitoka kwenda kumtafuta Bahati. Nilipozunguka nyuma ya sale nilipita kando ya ile bâche, na macho yangu ya kamishna yakaona jambo. Kamba za pande nyingine za sale zilikuwa zimekazwa. Upande wa benchi letu tu zilikuwa zimefunguliwa, bila kukatika, kwa mkono wa mtu. Mdudu wa zamani akaamka ndani yangu. Nikajisemea: huyu alijua mama yuko nje.

Bahati alikuwa amekaa kwenye majani, mgongo kwa sale, akipumua kwa nguvu.

"Baliamini?" aliuliza.

"Wengi," nilisema. "Bahati, zile kamba nani alizifungua?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi, Papa. Kila Jumapili, mbele ya kukaa, nafunguaka. Mutu mwenye iko na mama-mukwe kwa kijiji hakalake mahali haina mulango wa pili."

Vijana mnaoshika filimbi sasa, mtaniuliza nimepata nini katika kazi hii. Nimepata goti bovu, jina la Masikio, na macho yasiyojua kustaafu. Bwana Katibu alinifundisha kuangalia watu, na niliwaangalia maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuwauliza kwa moyo wa kutaka kusikia. Swali langu kila mara lilikuwa mtego.

Nikakaa karibu na Bahati kwenye majani yale, nikamwomba msamaha mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeomba kwa ajili ya ripoti. Mara hii niliomba kwa ajili ya kamba.