Kitambaa Juu ya Modemu

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2024, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, jua likiwaka juu ya mabati ya Ngokolo, hapa Shinyanga, na mimi nilikuwa na daftari mkononi. Naanza na tarehe na saa kwa sababu ndiyo tabia yangu, na tabia hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mjane. Mume wangu alipofariki nilikuwa nasoma kwa kuunga silabi. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na tisa, na nimekitundika mkabala na mlango ili kila anayeingia akione. Unacheka? Cheka tu. Nilipoanza masomo ya stashahada kwa njia ya mtandao, niliomba intaneti ya nyumbani, wakaifunga Jumatatu, tarehe 2 Septemba. Modemu ile nyeupe yenye taa nne niliiweka mahali pa heshima, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe. Na kama zilivyo redio na televisheni yangu, nayo niliifumia kitambaa chake.

Nyuma ya ua wangu aliishi bibi mmoja, peke yake. Tulimwita Mama Kabula, kwa jina la binti yake anayewauzia chakula madereva wa malori kule Isaka. Kila siku alasiri alikuja na ndoo kuteka maji kwenye koki yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Wewe uliyezaliwa huku kwetu huhitaji kuelezwa macho ya namna hiyo yanaweza kumletea kikongwe nini, kuanzia jina la mchawi.

Alhamisi, tarehe 5, wifi ilikatika katikati ya kipindi; mwalimu akaganda kwenye kioo cha simu akiwa ameachama. Ijumaa ikakatika tena. Nikafungua daftari, nikapiga mistari kama tulivyofundishwa kuandika majaribio ya sayansi: tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, na nani alikuwepo. Siku zote safu ya mwisho ilikuwa na jina moja. Mama Kabula akiingia uani, baada ya dakika kumi mtandao hakuna. Akiondoka na ndoo yake, unarudi.

Jumamosi, tarehe 14, jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Wakati wa chai nililisoma daftari lile mbele ya watu. Mwingine angesimulia tu, ukaitwa umbea ukaisha. Mimi nilisoma, kwa tarehe na kwa saa.

"Basi hapo hakuna ubishi, imeandikwa," alisema mama mmoja.

"Ndiyo maana kuku wangu hawaangui," akadakia mwingine.

"Kuku wako hawaangui kwa sababu mayai unayakaanga wewe," mwenyekiti akamtania, na watu wakacheka. Lakini walipokuwa wakiaga, wote walipita mbali na uzio wa Mama Kabula.

Jumatatu nikaifunga koki kwa kufuli. Bibi alikuja, akasimama na ndoo yake.

"Mwanangu, koki imeharibika?"

"Imeharibika, mama."

Kufuli alikuwa analiona. "Pole," alisema, akarudi na ndoo tupu. Usiku wa Jumatano mawe yalirushwa juu ya bati lake. Niliyasikia, nikajifariji kwamba mimi sikurusha hata moja.

Na mtandao? Uliendelea kukatika saa ileile. Nikaamini kwamba sasa anautazama kupitia uzio, nikaongeza kitambaa cha pili. Alhamisi nikapiga simu kwa waliofunga. Wakaniahidi fundi Jumamosi.

Sasa sikiliza. Ijumaa ile sikusikia hodi. Niliinua macho tu, nikamwona kijana wa miaka kama thelathini amesimama mlangoni: ovaroli iliyopauka, buti za mpira, na taa ya kuchimbia imefungwa kipajini. Alikuwa na matope ya kijivu mpaka magotini. Niamini, Shinyanga haikuwa imeona mvua kwa miezi.

"Shikamoo, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa mtandao?"

"Nimekuja kuangalia kinachokata."

Nikamtandikia magazeti akanyage. Hakuuliza modemu iko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua kioo, akaweka kiganja juu ya vitambaa.

"Inaungua, mayu. Haina hewa. Kitu kikikosa hewa kinahangaika, kinahangaika, halafu kinanyamaza."

Alivitoa vitambaa, akavikunja vizuri, akaihamishia modemu mezani karibu na dirisha. Haukupita muda, taa zote nne zikawaka.

"Huwa unaifunika saa ngapi?"

Nikalifungua daftari kwa mazoea, na hapo nikaona. Nilikuwa naifunika kila nilipomsikia Mama Kabula uani, na baada ya kufuli kila ilipofika saa yake, kisha nafunga kabati, ili macho yake yasiione. Nilikuwa naifunua alipoondoka. Jina lililostahili kuandikwa katika safu ile ni langu.

Kijana alitazama ukurasa kwa muda. "Una mwandiko mzuri," alisema. Kisha: "Naomba maji ya kunywa."

Jagi lilikuwa jikoni, hatua sita. Lakini alikuwa na matope, na alikuwa ameona kosa langu. "Koki iko uani," nilimjibu.

Akatoka. Nikasikia kufuli likitikiswa, taratibu, mara tatu. Nilipokumbuka ufunguo na kukimbilia nje, ua ulikuwa mtupu, na geti limefungwa kwa komeo la ndani.

Jumamosi alikuja fundi halisi. "Jana, mama? Jana sote tulikuwa Kahama." Akainamia magazeti yangu, akayagusa matope. Yalikuwa bado mabichi. "Nimewahi kuchimba Geita," alisema polepole. "Haya ni matope ya shimoni."

Jumapili Kabula alikuja kumchukua mama yake. Jumamosi, tarehe 28, nikawafuata Isaka. Nilipiga magoti kwenye kibanda cha chakula, madereva wakitazama, nikaungama kuhusu daftari na vitambaa. Kisha nikawasimulia yule kijana. Nilipofika pale alipoomba maji, nikaishia hapo.

Kabula aliweka upawa chini. "Luhende," alisema.

Luhende alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi yule. Shimo lilimfukia Geita, Kabula akiwa bado binti mdogo. Siku mbili wenzake walimsikia akigonga mwamba na kuomba maji. Siku ya tatu hawakusikia kitu. Tangu hapo mama yake aliwaomba watu wasimwite kwa jina la mtoto huyo.

Bibi hakuniuliza lolote kuhusu daftari. Aliniuliza hili tu: "Alipoomba maji, ulimpa?"

"Nilimpa, mama."

"Akanywa?"

"Glasi mbili."

Alifumba macho yale mekundu, akanishika mkono. "Basi," alisema. "Sasa nitalala."

Koki yangu haina kufuli tena, na modemu iko mezani, wazi. Wameshanibadilishia mara mbili. Hata hivyo, kila siku saa kumi kasoro dakika tano taa nne huzimika, zikakaa hivyo kwa muda wa kujaza ndoo, kisha zikawaka. Huwa naweka glasi ya maji dirishani. Haijawahi kupungua. Kabula husema kwenye simu kwamba mama anakula vizuri na analala usiku kucha, na mimi kila mara nakata simu bila kuwaambia ukweli.

Wewe unayejua kusoma na kuandika, sikia onyo la aliyechelewa kujifunza. Kabla hujaandika jina la mtu kwenye safu ya lawama, tazama kwanza mikono yako ilikuwa inafanya nini saa hiyo. Na mtu akikuomba maji, mpe, hata akiwa na matope. Usimwelekeze kwenye koki uliyoifunga mwenyewe.