Pleti ya Bi Somoe Itoke Lini

Siku yangu ya kwanza kazini kama mhudumu, hospitalini Nachingwea, sista wa tiata, yaani chumba cha upasuaji, alinikabidhi ndoo akaniambia, "Usiguse cha kijani." Kila kitu mle kilikuwa kijani. Nikasimama tu. Shule niliishia darasa la nne, lakini maswali sikuyaacha huko. Hivi vyuma wanavyofungia mfupa uliovunjika, hutoka lini? Nilidhani vina mwezi wake, kama ufuta.

Nilipohamishiwa Ruangwa ndipo nikaelewa, kwa Bi Somoe wa Nkowe. Alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika chini ya goti, akawekewa pleti, kibati kinachobanwa na skrubu. Alipona. Lakini pale kwenye muundi nyama ni haba. Kila akipiga magoti kuswali au kuokota korosho, chuma kinamchoma.

"Daktari, nitolee leo. Nimechoka kuswalia kitini kama ajuza."

Daktari wa mifupa, mtu mpole, akabonyeza, akamtembeza bila mkongojo, akainua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Mfupa umeunga. Kutoa naweza. Wewe kupumzika unaweza?"

"Si chuma kinatoka? Nipumzike cha nini?"

Hata mimi ningeuliza hivyohivyo.

"Mama, chomoa msumari kwenye mpini wa jembe, halafu ulime. Utavunjikia wapi?"

"Penye tundu."

"Haya. Skrubu nazo zinaacha matundu. Mpaka yazibe, hakuna jembe wala mzigo. Chuma kisichodhuru kinaweza hata kubaki."

Kweli, mzee mmoja wa Malolo alikaa na chake mpaka akakisahau. Ukimwuliza ni mguu upi, anapapasa yote miwili.

"Na korosho zangu ziko chini!" Machozi yakamlenga.

"Basi kisubiri mpaka upate wa kukuokotea."

Wiki haikuisha, akarudi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa sauti. "Kitoeni," wifi akasema. "Nitaokota mimi. Ila mabibo yote yangu, na nikikukuta shambani nauvunja huo mguu mwingine!" Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Pleti ikatoka.

Msimu uliofuata nilipita Nkowe, nikamkuta Bi Somoe amepiga magoti mchangani, anaokota. Nikanyoosha mkono. "Shemeji," akanitania, "usininyanyue, nimekaa raha."

Sasa nimestaafu, na watu bado wananifuata nyumbani: changu kitoke lini? Nawaambia daktari ataangalia mfupa kwenye picha. Ila kabla hujaenda, nyumbani kwako nani atashika jembe? Hapo wengi huanza kuwahesabu ndugu zao.