Chapa ya Tumbusi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo pale Garissa alinionyesha tumbusi wawili kwenye mzoga wa ngamia, mmoja mweupe, mwingine wa kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Akaniuliza ni wa aina ngapi. Nikajibu upesi kwamba ni aina mbili. Akacheka.

"Binti, rangi ya manyoya hukwambia umri kwanza. Jina litafute kwingine."

Yule mweusi alikuwa kinda wa yule mweupe.

Neno hilo nililibeba hadi vituo vya Tarbaj na Lafey, nikiwa askari wa wanyamapori. Nilijifunza kwamba kinda wa tumbusi huyu hukaa mweusi miaka kadhaa, akinyonyoka na kuota manyoya mapya, mpaka weupe ujitokeze. Weusi ule ni sare ya shule. Wakubwa wakiuona hujua huyu bado mtoto, hagombei mke wala kiota, nao humvumilia.

Habaswein ndiko neno lilikopata kazi. Mzee Gedi, mfugaji, alikuwa akipoteza vitoto vya mbuzi, na ndege mweusi alionekana karibu na boma lake. Nilimkuta amepasua mbuzi aliyekufa, chupa ya sumu mkononi. Sumu ile ingeua tumbusi wote wanaotusafishia mizoga, na hata mbwa wake. Kazi yangu niliijua.

"Hii si ile nyeupe," alisema, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Hii nyeusi ndiyo nakula mbuzi yangu. Habana, walaal, niache."

Wafugaji wa huko hawategemei rangi kumtambua ngamia aliyepotea, maana ndama hubadilika akikua.

"Adeer," nikamwambia kwa heshima ya ami, "ngamia wako unamjua kwa rangi au kwa chapa?"

"Kwa chapa," akasema. Nikamwonyesha mkia wa yule mweusi akiruka, umechongoka kama kabari. Kisha mkia wa mweupe aliyepita karibu naye, vilevile.

"Hiyo ndiyo chapa ya ukoo wao, nao hula mizoga, hawaui mbuzi."

Alitazama sana, akafunga chupa. Tulipozunguka boma, alizisoma mwenyewe nyayo za mbweha kwenye pengo la ua wa miiba. Mzoga tuliufukia pamoja.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Kitui na mboga zangu. Nyinyi askari vijana mna darubini nzuri kuliko zetu, ila msiwe na haraka ya kutaja jina. Juzi Mzee Gedi alinipigia simu.

"Walaal, mtoto yako sasa imekuwa nyeupe. Imeleta bibi."

Siwezi kuapa kuwa ni yuleyule. Lakini niliketi palepale kwenye tuta la sukuma wiki, nikalia kwa furaha.